Saba kwa Moja: Nasahihisha Kauli Yangu

(Mazungumzo ya kila juma, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, leo naanza kwa kuomba radhi. Majuma matatu yaliyopita, nikizungumza nawe mahali hapa hapa juu ya umeme wa jua, nilisema kwamba wataalamu wamepata punje ndogo mno ambazo zikipigwa na chembe moja ya mwanga hutoa chembe saba za umeme. Nikaongeza, tena kwa mbwembwe, kwamba paneli za sola tunazozijua zitakuwa takataka muda si mrefu.

Haikupita siku nyingi nikapokea barua. Aliyeiandika ni mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari, na mwandiko wake ni ule wa watu waliozoea ubao. Barua yenyewe ni fupi. Anasema: "Ndugu mtangazaji, hiyo habari ya saba kwa moja ni ya mwaka 2006. Waliopima wenyewe wamekwisha irudia na kuipunguza. Wasikilizaji wako wengine wanaweka akiba ili wanunue sola. Je, umewaambia wasubiri kitu gani?"

Nakiri kwamba swali hilo la mwisho lilinichoma. Maana ni kweli, yuko kinyozi anayesikiliza kipindi hiki huku anaweka shilingi yake ndani ya kopo. Yuko mama wa mgahawa aliyechoshwa na kukatika kwa umeme. Watu hao wakisikia redio inasema kitu bora kinakuja, watangoja. Na mimi ndiye niliyewaambia wangoje. Basi nimekaa, nimesoma, nimeuliza, na leo nataka nikusimulie habari hiyo kama ilivyo, tangu mwanzo. Utaona kwamba ukweli wake ni mtamu kuliko ule uongo wangu.

Tuanze na paneli yenyewe. Paneli nyingi zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa silikoni, kitu ambacho asili yake ni mchanga. Silikoni ni katika ukoo wa vitu vinavyoitwa semikondakta. Vitu hivyo si kama waya wa shaba, ambao hupitisha umeme wakati wote, wala si kama kioo, ambacho hukataa katakata. Semikondakta ni kama bawabu wa mlangoni, anaruhusu kwa masharti.

Sharti lenyewe ni nguvu. Elektroni, yaani zile chembe zinazobeba umeme, zimekaa chini zimetulia. Ili elektroni ipande juu na kuanza kutembea lazima ipewe nguvu ya kuruka pengo fulani, na anayetoa nguvu hiyo ni mwanga wa jua. Mwanga nao haumwagiki kama maji, bali huja kwa vipande vipande, na kila kipande huitwa fotoni. Fotoni moja huirusha elektroni moja. Elektroni ikisharuka, huacha nafasi tupu pale ilipokuwa, na nafasi hiyo wataalamu huiita tundu. Tundu nalo huhesabiwa kuwa mbebaji wa umeme, kwa sababu elektroni ya jirani huhamia pale, ikaacha tundu jingine nyuma yake, na hivyo tundu likaonekana linatembea.

Elektroni na tundu lake ni kama mke na mume. Ukiwatenganisha, huyu akaenda upande huu na yule upande ule, umepata umeme kwenye waya. Ukichelewa wakarudiana humo humo ndani, waya haukupata kitu. Umebaki na joto, au mwanga kidogo.

Sasa hasara iko wapi? Hasara iko katika ukweli kwamba fotoni za jua hazilingani nguvu. Ile ya mwanga mwekundu ni hafifu, ile ya bluu na urujuani ni kali. Fotoni iliyo hafifu mno haiwezi kuirusha elektroni, kwa hiyo hupita bure. Fotoni iliyo kali kupita kiasi huirusha elektroni mbali mno, mithili ya mtu aliyetaka kwenda ghorofa ya kwanza akapandishwa mpaka ya tano. Lakini waya unalipa bei ya ghorofa ya kwanza tu. Elektroni ile itashuka ngazi, inagonga daraja moja baada ya jingine, na kila inapogonga inaacha joto. Nguvu iliyoibeba mpaka ghorofa ya tano imekwenda na maji.

Mwaka 1961 wataalamu wawili, William Shockley na Hans Queisser, walipiga hesabu ya hasara zote hizo. Leo hesabu hiyo inatuambia kwamba paneli ya kawaida, yenye semikondakta ya aina moja, haiwezi kugeuza kuwa umeme zaidi ya theluthi moja hivi ya nguvu ya jua, hata ikitengenezwa kwa ufundi wa hali ya juu. Paneli nzuri za madukani siku hizi hutoa asilimia 20 hivi, nyingine zaidi kidogo. Na katika yote yanayopotea, fungu kubwa linapotea pale ngaziani, elektroni inaposhuka kutoka juu.

Basi utasema, si tuiwahi? Tuikamate elektroni kabla haijashuka! Hapo ndipo penye kisa, ndugu msikilizaji. Elektroni humaliza kushuka ngazi zile katika muda wa kama sehemu moja ya milioni ya milioni ya sekunde, na mara nyingi chini ya hapo. Muda huo wataalamu huuita pikosekunde. Mwizi huyu ana mbio.

Je, nani aliwezesha wanadamu kumwona mwizi mwenye mbio hivyo? Hapa turudi kwetu Afrika. Mwaka 1946, katika mji wa Damanhur nchini Misri, alizaliwa mtoto aliyeitwa Ahmed Zewail. Alisoma Chuo Kikuu cha Alexandria, akavuka bahari kwenda Marekani kwa masomo ya juu, na tangu mwaka 1976 alifundisha katika taasisi ya Caltech huko California. Huko alijitwisha kazi ambayo wengi waliona haiwezekani, nayo ni kuzipiga picha chembe za kemikali wakati zinaachana na kuungana.

Unajua jinsi picha za mpira zinavyopigwa. Mchezaji anapiga penalti, na kamera ikichelewa kufunga jicho lake, mguu unatoka kama moshi. Ili mguu uonekane, kamera lazima ifungue na kufunga kwa muda mfupi kuliko mguu unavyosogea. Zewail alihitaji mmweko wa taa wenye kudumu kwa femtosekunde chache tu. Femtosekunde ni nini? Chukua sekunde moja, uigawe vipande milioni. Twaa kipande kimoja, ukigawe tena vipande milioni. Halafu twaa kimoja katika hivyo, ukigawe vipande elfu. Femtosekunde kwa sekunde ni kama sekunde moja kwa miaka milioni 32. Mwanga, ambao kwa sekunde moja na robo hivi hufika mwezini, ndani ya femtosekunde 100 hautembei hata unene wa unywele.

Swali ni moja: hakuna saa ya mkononi wala ya umeme inayoweza kuhesabu muda huo, sasa wanahesabuje? Ujanja wake unapendeza kwa jinsi ulivyo mwepesi. Mmweko wa leza hugawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inakwenda moja kwa moja kuipiga sampuli na kuiamsha. Sehemu ya pili, iliyo hafifu, inazungushwa njia ndefu zaidi kidogo kwa vioo, ili ifike imechelewa. Ikifika, inapita katika sampuli na wataalamu wanaangalia imemezwa kiasi gani. Hapo wanajua hali ya mambo ilikuwaje wakati ule hasa. Kisha wanakisogeza kioo nyuma kidogo na kupiga tena. Ukikisogeza kioo kwa milimita 0.15, mwanga unaongezewa milimita 0.3 za safari, kwenda na kurudi, nao unachelewa kwa pikosekunde moja kamili. Rula imegeuka kuwa saa! Wakirudia hivyo mara nyingi wanapata picha nyingi, na wakizipanga wanapata sinema.

Kwa kazi hiyo Zewail alipewa Nobel ya kemia mwaka 1999. Alifariki mwaka 2016, akiwa amekwisha anzisha nchini kwao mji wa sayansi wenye jina lake. Na njia hiyo ya mimweko miwili, mmoja wa kuamsha na mmoja wa kupeleleza, ndiyo inayotumika mpaka leo kuzifuata elektroni ndani ya semikondakta.

Sasa tuje kwenye zile punje. Kitaalamu huitwa nukta za kwanta. Ni vipande vya semikondakta vidogo hata ukizipanga punje 200,000 kwa mstari unapata milimita moja tu. Ukilinganisha punje moja na mpira wa miguu, ni karibu sawa na kuulinganisha mpira na dunia yote.

Ajabu ya punje hizi ni kwamba ukubwa ndio unaoamua rangi. Dawa ni ile ile, kemikali ni ile ile, lakini punje ndogo hutoa mwanga wa bluu, kubwa kidogo hutoa kijani, na kubwa zaidi hutoa nyekundu. Mpiga ngoma hatashangaa. Ngoma ndogo hulia sauti nyembamba na kubwa hulia nzito, hata kama zote zimewambwa kwa ngozi ya mbuzi mmoja. Elektroni iliyobanwa ndani ya chumba kidogo nayo hubadili sauti yake.

Aleksei Ekimov aliliona jambo hilo ndani ya vioo vya rangi, huko Leningrad, na akalichapisha mwaka 1981. Louis Brus, wa maabara za Bell nchini Marekani, aliliona katika punje zinazoelea majini mwaka 1983, bila kujua habari za mwenzake. Kilichobaki ni kuzitengeneza punje zikiwa zimelingana, na kazi hiyo ilikamilishwa mwaka 1993 na Moungi Bawendi pamoja na wanafunzi wake katika chuo cha MIT. Wote watatu walipewa Nobel ya kemia mwaka 2023.

Nisimame kidogo kwa huyu Bawendi. Alizaliwa Paris mwaka 1961, na baba yake alikuwa mwanahisabati kutoka Tunisia. Siku za Nobel yake aliwasimulia waandishi kwamba mtihani wake wa kwanza wa kemia chuo kikuu, pale Harvard, alipata alama 20 kwa 100, akawa wa mwisho darasani. Mzazi unayenisikiliza, ambaye juzi umemchapa mtoto kwa sababu ya alama 20, mimi sisemi neno. Lishike jina hilo la Bawendi lakini, maana litarudi.

Basi, punje zilipopatikana, wananadharia walikaa chini wakafikiri hivi. Katika kipande kikubwa cha semikondakta, ngazi za elektroni zimekaribiana mno, ni kama mteremko tu, kwa hiyo inaporomoka haraka. Lakini ndani ya punje ndogo, ngazi zinakuwa mbali mbali, na kila daraja ni la kuruka. Elektroni ikiwa juu itakosa mahali pa kukanyaga, itaning'inia huko huko. Ikining'inia, tutaiwahi! Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 matumaini hayo yalikuwa makubwa.

Mimweko ya leza ikaingia kazini, na jibu likaja. Katika punje za kadimi na seleni, elektroni haikuning'inia hata kidogo. Ilishuka chini ya pikosekunde moja, kama vile ngazi zipo. Imeshukaje? Wataalamu wakagundua kwamba ilikuwa na msaidizi, yule mwenzake, tundu. Ngazi za tundu zimekaribiana. Elektroni ikashindwa kuukabidhi mzigo wake kwa punje nzima, ikamkabidhi tundu, na tundu likauteremsha mzigo kwa ngazi zake fupi fupi. Wezi walikuwa wawili, wanapokezana kupitia dirishani.

Ukweli huo ulithibitika zaidi mwaka 2008, pale Anshu Pandey na Philippe Guyot-Sionnest, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walipotengeneza punje zenye maganda juu ya maganda, wakamtenga tundu na elektroni na kuziba njia nyingine za kupitishia mzigo. Elektroni ikabaki juu kwa zaidi ya pikosekunde 1,000. Kwetu sisi huo si muda. Kwa elektroni huo ni mwaka mzima.

Sasa tunafika kwenye kosa langu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtaalamu Arthur Nozik, wa maabara ya taifa ya nishati mbadala huko Golden, Colorado, alikuja na wazo la namna nyingine. Alisema, kama elektroni lazima iumwage mzigo wake, basi tusiuache umwagike uwe joto. Uupe kazi. Elektroni moja inaposhuka kutoka ghorofa ya tano, nguvu inayotoka iipandishe elektroni ya pili kutoka chini hadi ghorofa ya kwanza. Fotoni moja, elektroni mbili. Na kwa kuwa ndani ya punje wamebanana, makabidhiano hayo huenda yakawa mepesi.

Mwaka 2004, Richard Schaller na Victor Klimov, katika maabara ya Los Alamos, walitangaza kwamba wameliona jambo hilo katika punje za risasi na seleni. Mwaka uliofuata maabara ya Golden nayo ikatangaza jozi tatu kwa fotoni moja. Na mwaka 2006, Los Alamos wakatangaza saba. Fotoni moja yenye nguvu karibu mara nane ya pengo, jozi saba! Hiyo ndiyo habari niliyoisoma kwako kwa mbwembwe, nami sikuutaja hata mwaka wake.

Lakini wengine walipojaribu, hesabu ilikataa. Mwaka 2007, kutoka maabara ya yule yule Bawendi wa alama 20, ulitoka upimaji wa punje za kadimi, na hawakuona dalili ya jozi za ziada. Mwaka uliofuata walipima punje za risasi. Safari hii waliona kitu, lakini kidogo sana kuliko kilichotangazwa. Na wengine nao wakapima aina nyingine, wakakosa. Je, nani alikuwa mwongo?

Jibu ni kwamba hapakuwa na mwongo. Palikuwa na chupa iliyosimama tuli.

Nieleze. Katika vipimo hivyo hapakuwa na waya wowote wa kuhesabu umeme. Punje zilikuwa zinaelea ndani ya chupa, na jozi zilihesabiwa kwa saa. Hesabu ilikuwa hivi: punje yenye jozi moja hukaa nayo muda mrefu, maelfu ya pikosekunde na zaidi. Punje yenye jozi mbili haidumu. Familia mbili katika chumba kimoja, ndani ya pikosekunde makumi au mia chache ugomvi umezuka, jozi moja imevunjika na nguvu yake imetupiwa aliyebaki. Kwa hiyo ukiona ishara imeanguka ghafla mara tu baada ya mmweko, unasema hapa palikuwa na jozi zaidi ya moja. Ni hoja nzuri. Kasoro yake ni kwamba kuna kitu kingine kinachoangusha ishara ghafla namna ile ile.

Mara moja moja, elektroni hutoroka nje ya punje na kunasa ukutani. Punje inabaki na tundu lisilo na mwenzake. Mmweko unaofuata ukiikuta punje hiyo, jozi mpya inaingia chumba chenye mgeni tayari, na ugomvi unatokea upesi vile vile. Mtazamaji wa nje atahesabu jozi mbili, kumbe fotoni imeleta moja tu. Na leza hupiga maelfu ya mimweko kila sekunde. Chupa ikisimama tuli, ni punje zile zile zinazopigwa tena na tena, na wageni wanazidi kurundikana.

Dawa yake? Kukoroga. Naam, ndugu msikilizaji, kukoroga, kama mama anavyokoroga uji usishike chini. Kikikorogwa, kila mmweko unakuta punje mpya zisizo na mgeni. Na waliolithibitisha jambo hilo kwa upana zaidi ni timu ile ile ya Los Alamos. Walizipima punje zao chupa ikiwa imetulia, wakazipima tena chupa ikikorogwa, wakaandika tofauti hiyo hadharani mwaka 2010. Jozi za ziada zilikuwapo kweli, lakini kwa kiasi cha wastani, na ile saba haikusimama.

Mimi nimeliwaza sana jambo hili. Watu wana leza ya mamilioni, wana saa inayohesabu femtosekunde, wana shahada za kujaza ukuta, halafu kinachoamua kweli na si kweli ni kukoroga chupa. Tena walipokoroga na kuona hesabu yao ya kwanza imepungua, hawakuivunja chupa. Walisema. Sisi wa redio na magazeti tulioitangaza saba kwa herufi kubwa, ni wangapi tuliorudi kutangaza kwamba imepungua?

Mwaka 2011, maabara ya Golden walifanya lililobaki, yaani kuweka waya. Walitengeneza paneli ndogo ya majaribio kwa punje za risasi na seleni, wakahesabu umeme wenyewe unaotoka. Kwa kila fotoni 100 za mionzi mikali ya urujuanimno zilizoangukia paneli ile, zilitoka elektroni 114. Hapo hapana ubishi wa chupa wala wa mgeni, kwani elektroni zimehesabiwa nje, kwenye waya. Wazo la Nozik lilikuwa kweli. Lakini usikilize na upande wa pili: hiyo ni kwa mionzi mikali, ambayo ni sehemu ndogo ya jua. Kwa jua zima, paneli ile haikufikisha hata asilimia 5. Tangu hapo paneli za punje zimepiga hatua nzuri maabarani, lakini hazijaishinda silikoni ya dukani.

Ziko kazi nyingine ambazo punje hizi zimekwisha kuzishika. Ukiingia duka la televisheni ukaona maandishi ya QLED, humo ndani mna punje hizi, zinazogeuza mwanga wa bluu kuwa kijani safi na nyekundu safi. Sababu ni ile ya ngoma niliyokwambia. Upande wa hatari pia nautaja: nyingi katika punje bora za maabara zina kadimi au risasi, na hizo ni sumu. Ndiyo sababu baadhi ya viwanda vimehamia punje za indi na fosforasi. Paneli ya kuezekwa juu ya nyumba ya watu, ikianza kutengenezwa kwa punje za risasi, itabidi tuulize mapema ikizeeka itatupwa wapi. Majalala yetu tunayajua.

Sasa nirudi kwa kinyozi wangu na kopo lake. Mwalimu aliniuliza nimewaambia watu wasubiri nini. Jibu langu leo ni hili: usisubiri. Paneli ya silikoni inayogeuza sehemu moja kwa tano ya jua ni kitu kizuri, na hakuna punje inayokuja mwezi ujao kuifukuza. Ukitaka faida zaidi, iko mikononi mwako. Pangusa vumbi. Usiiweke chini ya mwembe, maana hata kivuli cha tawi kinapunguza umeme. Acha nafasi ya upepo kati ya paneli na bati, kwa sababu paneli ikipata moto hutoa umeme pungufu; kwa silikoni ni karibu asilimia moja kwa kila nyuzi tatu za joto zinazoongezeka. Hayo hayahitaji leza.

Na kwa mwanafunzi anayenisikiliza, nina neno moja tu. Mbio za elektroni ndani ya punje bado hazijakwisha kuelezwa. Kuiwahi elektroni ikiwa bado juu, kabla haijamkabidhi mwenzake mzigo, ni kazi ambayo bado inawatoa watu jasho katika maabara nyingi za dunia. Mtoto wa Damanhur ndiye aliyetupa macho ya kuziona mbio hizo. Mtoto wa baba Mtunisia ndiye aliyetufundisha kuzipika punje zenyewe. Kila mmoja alipoanza hakuwa na leza nyumbani.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mimi nimekosa mara moja, na leo nimesahihisha. Kwako mwalimu, barua yako nimeihifadhi. Siku nyingine ukinisikia nina mbwembwe, niandikie tena, na stempu nitakurudishia.